Kibao cha Saa Tisa

Leo asubuhi nilikuwa nashusha mifuko ya taka. Alhamisi ni siku ya mifuko myeupe mtaani kwetu, na mama akishatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kusafisha ofisi za watu, kazi hiyo inabaki yangu. Mfuko mmoja ulikuwa umetoboka. Unadondosha maji ya mchele kila ngazi, na mi narudi nyuma nafuta kwa soksi, huku naomba nisikutane na mtu. Ngazi zetu ni nyembamba. Huwezi kupishana na mtu bila kumsalimia, na ukimsalimia atakuuliza kitu, na ukiulizwa inabidi ujibu.

Ghorofa ya tatu nikamkuta Tonton Bienaimé kakaa nje ya mlango wao, anapiga viatu kiwi.

Tonton, ndivyo Wakongo wa hapa wanavyomwita baba mdogo, ni mdogo wake Papa Donatien, na Papa Donatien ni baba yake Jémima, rafiki yangu. Wao ni watu wa Fizi, Kongo. Sisi tunaokaa juu yao, ghorofa ya nne, ni watu wa Kigoma. Tonton kafika Ubelgiji mwaka jana tu. Kabla ya hapo alikaa miaka kumi na saba kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, kwa hiyo Kiswahili chake kina Kongo ndani na kina Tanzania ndani, na Brussels nzima mtu anayempa shikamoo ni mimi peke yangu. Anaipenda shikamoo kuliko chai.

"Nusura! Mutoto wa Kigoma! Unakimbia na taka ya nani?"

"Yetu, tonton. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba." Akainua kiatu kwenye taa, akakitazama. Alikuwa kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama yenyewe, na pembeni yake faili la plastiki lenye karatasi zake za kambi. "Leo njo leo. Naenda kwa wakili. Peke yangu! Hakuna cha Jémima, hakuna cha mukalimani. Kibao chenu nimekisoma mwenyewe juzi, mara tatu."

"Vizuri, tonton."

"Bameandika 'wakili bure'." Akacheka. "Nikasema, eh, kama ni wakili bure kweli, naenda kufanya nini? Lakini nimeelewa, nimeelewa. Bado mapema. Saa tisa ni mbali. Nakula kwanza, nasali kidogo, kisha naenda pole pole."

Saa tisa.

Simu yangu ilikuwa inaonyesha saa moja na dakika ishirini. Wakili anaingia saa tatu asubuhi, saa sita mchana anaondoka. Kwenye jengo lile lote aliyejua kwamba Tonton atachelewa nilikuwa mimi tu. Nilisimama na mfuko unadondosha juu ya kiatu changu, nikafungua mdomo kabisa, nakumbuka baridi ya ngazi iliyoingia kwenye meno.

"Kila la heri, tonton," nikasema, nikashuka.

Ngoja nieleze kuhusu kibao, maana bila kibao nitaonekana mwendawazimu.

Karibu na mfereji, hapa Molenbeek, kuna nyumba ya mtaa. Jumatano tukitoka shule mchana naenda pale kufanya kazi za shule, kuna joto na kuna intaneti. Anayeiendesha ni Madame Mathilde, mama wa Kibelgiji mwenye miwani ya kamba, mtu mzuri. Naandika mtu mzuri kwa makusudi. Angekuwa mbaya ningepata wa kumlaumu.

Mwezi wa tisa akataka kibao kipya mlangoni, cha wakili anayekuja kila Alhamisi kusaidia watu wasio na pesa. Kibao Brussels si kitu cha mchezo. Kila kitu hapa kina majina mawili, Kifaransa na Kiholanzi, hata kichochoro ambacho hakuna mtu anapita. Mi nasoma vibao tangu nimefika nina miaka minane. Mtu mwenye aibu lazima awe na mahali pa kuweka macho, na mi nayaweka kwenye vibao. Kituo chetu cha metro ni Étangs Noirs upande huu na Zwarte Vijvers upande ule, na kichwani naongeza mstari wangu chini, Mabwawa Meusi. Nimeuandikia mji mzima mstari wa tatu. Hakuna anayejua. Tonton tu niliwahi kumwambia, siku alipouliza kwa nini stesheni kubwa inaitwa Midi, kama ni stesheni ya saa sita mchana au vipi. Nikamwambia midi ni saa sita, lakini hapo ina maana ya kusini, na Waholanzi wanaiita ya kusini moja kwa moja. Akafikiri. Akasema, "Basi Waholanzi wako wazi zaidi." Tangu hapo akawa ananiita mwalimu wa vibao.

Sasa kibao cha zamani cha nyumba ya mtaa kiliwahi kuleta ugomvi, kwa sababu herufi za Kiholanzi zilikuwa ndogo kidogo kuliko za Kifaransa. Mzee mmoja wa kamati ya mtaa alikuja na rula. Sitanii. Alipima akiwa kavua kofia kama yuko msibani. Kwa hiyo safari hii Madame Mathilde akaapa, Kifaransa kushoto, Kiholanzi kulia, sawasawa, milimita kwa milimita. Na chini, kwa vile yeye ni mtu mzuri, lugha za watu wanaomhitaji wakili. Yasmina, msichana mwingine wa pale, akaandika Kiarabu. Madame akaniita kando, akaniuliza kwa sauti ya chini, maana anajua nilivyo, kama naweza kuandika Kiswahili.

Mimi! Niliandika usiku mzima. Yani mistari miwili nimeiandika usiku mzima. Mama alinifundisha kuandika Kiswahili mwenyewe, kila Jumapili, kwenye daftari la mistari mikubwa, kwa sababu alisema hataki mtoto anayejua kuagiza chipsi kwa lugha tatu na barua kwa bibi yake hawezi. Niliandika hivi:

Wakili wa bure. Kila Alhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Karibuni.

Nikaipeleka. Wiki mbili baadaye kukawa na sherehe ya kukifunua. Juisi, biskuti, watu kama arobaini. Jémima alikuja, kanishika mkono ananivuta mbele. Kitambaa kikaanguka.

Kifaransa na Kiholanzi vilikuwa vikubwa kabisa, vimejaa kibao chote kama watu wawili wanene kwenye kochi. Chini kabisa, herufi ndogo, kulikuwa na yetu:

WAKILI BURE. ALHAMISI SAA 9 – 12.

Madame Mathilde aliinama kwenye sikio langu, akanong'ona ili asiniaibishe. "Nimerekebisha kosa dogo. Ulichanganya saa, uliandika tatu na sita. Si kitu, inatokea. Na nimefupisha, nafasi haikutosha." Kisha akasimama wima, akageukia watu, akaniuliza kwa nguvu, kwa tabasamu, "Alors, Nusura? Kiko sawa?"

Alilinganisha namba tu. Kifaransa tisa, Kiholanzi tisa, Kiarabu tisa, Kiswahili tatu. Nani kakosea? Msichana mwenye aibu. Angejuaje kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likitoka? Ilikuwa kazi yangu kusema. Lakini ningesemaje, kwa Kifaransa, mbele ya wale watu wote na vikombe vyao, kwamba Madame, kwetu saa tisa ni alasiri, na ulichokata kwa ajili ya nafasi ndicho kilichokuwa kinaeleza? Na kwamba "wakili bure" ni wakili asiyefaa kitu? Baba yangu aliyebaki Kigoma alikuwa ananitania kwa jina langu, anasema nilizaliwa nikaitwa Nusura kwa sababu kila kitu nitakuwa nakaribia. Nusura aseme, nusura acheke, nusura acheze.

Nusura niseme.

"Oui, Madame," nikasema.

"Ni copine wangu, rafiki yangu kabisa, njo aliandika!" Jémima akapiga kelele, watu wakapiga makofi, tukapigwa picha.

Usiku ule nilijipa sababu. Nilijiambia Wakongo wa hapa wanataja saa kwa Kifaransa, neuf heures, dix heures, hata wakiongea Kiswahili. Wakiona tisa watasoma neuf, watakuja asubuhi, basi. Atakayekosea ni Mtanzania, na Mtanzania ninayemjua mtaani ni mama, na mama hana kesi. Mama alitaka kuona picha. Nikamtumia ile ambayo kichwa cha Jémima kimeziba mstari wa chini. Akaiweka status. Mwanangu, akaandika, na moyo.

Sikumfikiria Tonton. Kama ni uongo basi Mungu anajua, lakini naandika nilivyokumbuka, sikumfikiria.

Mwezi wa kumi ikaja barua yake. Ilikuja kwa Kiholanzi, na kwao hakuna anayejua Kiholanzi, kwa hiyo Papa Donatien akaniita niisome, kwa sababu mi nasoma shule ya Kiholanzi. Niliisoma nimesimama kwenye zulia lao. Ombi lake la kukaa Ubelgiji limekataliwa. Ana siku za kukata rufaa, na ya mwisho ilikuwa imeandikwa pale kwa herufi nene. Ni leo.

"Siku ya mwisho ni jeudi gani, Alhamisi ya lini?" Papa Donatien aliuliza.

Nikaonyesha kwenye kalenda ya duka la nyama. Tonton akachukua kalamu akaizungushia duara, taratibu.

Papa Donatien akampigia wakili simu. Wakili akasema bila karatasi za kambi, zinazoonyesha alikaa wapi miaka yote hiyo, hawezi kuandika kitu. Zikija, aletewe siku yake ya Alhamisi, ataituma rufaa siku hiyo hiyo. Karatasi zikaja Jumatatu hii, na mtu aliyesafiri kutoka Kigoma, zimekunjwa ndani ya kitenge. Ndiyo zile zilizokuwa kwenye faili.

Na saa? Jana jioni Papa Donatien alimuuliza ni saa ngapi. Tonton akajibu, saa tisa. Papa Donatien anaamka saa tisa ya usiku kwenda kusafisha mabasi, ana miaka ishirini hapa, tisa yeye anaisikia neuf. "Neuf heures, bon," akasema, akaenda kulala. Wakakubaliana hivyo, kaka na mdogo, kila mtu na saa yake kichwani. Jémima ndiye aliyenihadithia baadaye.

Shuleni leo tulikuwa na mtihani. Saa ya ukutani ilipofika saa tatu kamili niliandika jina langu mara mbili kwenye karatasi. Simu zetu asubuhi tunaziacha kwenye sanduku la mwalimu. Mapumziko nikaenda mpaka mlango wa ofisi kuomba kupiga simu. Karani akainua kichwa, akauliza kwa Kiholanzi nataka nini. Ulikuwa bado muda wa kutosha. Dakika ishirini kwa miguu, tano kwa metro, Tonton angefika hata kwa kukimbia na viatu vyake vya kung'aa.

"Hakuna kitu, mevrouw," nikasema.

Saa sita ilipita wakati tunakula mkate. Mi sikula.

Kutoka shule nilipita njia ya mfereji. Ningeweza kupita nyingine. Saa tisa na dakika arobaini, mvua ile ndogo isiyoisha, na Tonton Bienaimé kasimama mbele ya nyumba ya mtaa, faili ndani ya koti, mgongo kaegemeza mlangoni. Taa za ndani zimezimwa. Aliponiona akainua mkono.

"Mwalimu wa vibao! Njoo uone maajabu. Hata wazungu banachelewa!"

"Shikamoo, tonton."

"Marahaba. Nimefika hapa tisa kasoro robo. Nikasema nisubiri nje, nisionekane mutu wa haraka. Tisa kamili, hakuna mutu. Tisa na robo, hakuna. Sasa arobaini." Akacheka, lakini macho yalikuwa yanatafuta kitu usoni kwangu. "Kule Nyarugusu bakiandika saa tisa, bwana, saa tisa na dakika moja geti limefungwa."

"Labda... labda wamefunga leo, tonton."

"Bafunge vipi? Soma hapa." Akaweka kidole kwenye kibao, kwenye herufi zile ndogo, akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Alhamisi. Saa tisa. Hadi kumi na mbili. Leo si Alhamisi?"

"Ni Alhamisi."

"Basi. Beko njiani."

Nilitazama kidole chake. Juu yake Kifaransa kilikuwa kinasema 9h, Kiholanzi 9 uur, vikubwa, hata kutoka ng'ambo ya mfereji ungevisoma. Yeye hakuvitazama. Kwa nini avitazame? Kulikuwa na chake.

Nikamwambia naenda kuuliza. Nikaenda mpaka kwenye kona, nikapiga namba iliyoandikwa kwenye kibao. Sauti ya mwanamke ikasema kwa Kifaransa ofisi imefungwa, ikasema tena kwa Kiholanzi ofisi imefungwa, ikasema uache ujumbe baada ya mlio. Mlio ukalia. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe inarekodiwa. Nikakata.

Sikurudi pale mlangoni. Nilizunguka kwa nyuma, nikaenda nyumbani.

Alikaa mpaka saa kumi na mbili. Kibao kilisema hadi saa kumi na mbili, na yeye akaamini wamechelewa tu, akasimama masaa matatu kwenye mvua akilinda foleni ya mtu mmoja.

Saa moja na nusu jioni mama akanipa bakuli la maharage. "Peleka kwa kina Jémima, nimepika mengi." Nikasema nina kazi za shule. "Nusura. Ngazi kumi na sita. Peleka."

Mlango wao ulikuwa wazi. Papa Donatien kasimama katikati ya chumba na koti lake la kazi, simu bado mkononi. Tonton kakaa kwenye ukingo wa kochi, viatu mguuni, vimeloa mpaka rangi imetoka. Jémima kakaa chini kwenye zulia, kakumbatia magoti. Hakuna aliyeniambia karibu. Nikabaki hapo na bakuli la moto.

"Wakili amesema trop tard, muda umeisha," Papa Donatien alikuwa anasema. "Amekungoja mupaka midi et demi, nusu saa kisha midi. Midi et demi, Bienaimé! Muntu anakungoja bure, bila hata cinquante centimes, na weye uko wapi? Uko nyumbani unapiga pasi!"

"Yaya, nilienda saa yangu." Kwao yaya ni kaka mkubwa.

"Saa yako gani? Jana nilikuuliza, ukasema saa tisa."

"Saa tisa njo nilienda."

"Neuf heures! Neuf heures du matin, asubuhi! Nani anafunguaka bureau neuf heures ya... ya mangaribi?"

"Saa tisa si mangaribi. Saa tisa ni kisha kula ya muchana. Hata mutoto anajua."

"Ile ni saa ya camp! Dix-sept ans mu camp, bado unahesabiaka saa ya camp. Hapa ni Bruxelles! Hapa saa ni moja tu!"

"Kibao ni cha Kiswahili, yaya." Tonton alisema taratibu sana. "Kama ni Kiswahili, na saa ni ya Kiswahili. Muulize huyu. Huyu ni wa Kigoma."

Wote wakanigeukia.

"Alors," Papa Donatien akasema. "Nusura. Weye njo uliandika. Sema. Ilikuwa saa ngapi?"

Bakuli lilikuwa linaniunguza vidole. Jibu lilikuwa fupi. Kichwani kwangu lilikuwa limesimama sawasawa, kwa lugha nne. Nikamwona Madame Mathilde na kikombe chake. Nikaona ile picha ya status ya mama. Nikaona Papa Donatien akishuka ngazi kwenda kugonga meza ya mtu, akimtaja Nusura, Nusura alijua, Nusura aliona, na watu wote wakinitazama.

"Sijui, papa," nikasema.

Nimeandika maneno haya mawili na nimeyatazama. Hivyo ndivyo nilivyosema. Sijui, papa.

Jémima akaruka juu. Hakujua anafanya nini, maskini, alikuwa ananitetea. "Papa, umuache! Nusura haezi kukosea, yeye eko premier, wa kwanza mu classe! Aliandika bien, kila muntu alisema ni bien, Madame aliangalia. Ni tonton njo alisoma mubaya. Kwani ni kosa? Tonton hajazoea, ni tout."

Tonton alikuwa bado ananitazama. Hakukasirika. Ningetaka angekasirika. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kirefu na anakifikia mwisho, kisha akashusha macho kwenye viatu vyake.

"Basi," akasema. "Labda nilisoma vibaya. Herufi zenyewe ni ndogo."

"Si nilikuambia uende na Jémima?" Papa Donatien alikuwa amechoka sasa, sauti imeshuka.

"Uliniambia."

"Sasa utasema nini? Bakikuita pale commune, ku ofisi ya serikali, utasema nini?"

"Nitasema nilichelewa." Akaanza kufungua kamba za viatu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, kamba zikamshinda, Jémima akapiga magoti akamfungulia. "Yaya, unajua kule kambini mimi njo nilikuwa nasomea watu barua? Barua za mashirika, za daktari, za mahakama. Watu banapanga musitari mbele ya nyumba yangu." Akacheka kidogo, cheko la puani. "Na mi nilikuwa nawaambia, tulieni, maandishi hayasemi uongo. Kuanzia kesho Jémima atanipeleka. Kila mahali. Hata kununua mkate."

"Hakuna muntu amesema vile," Papa Donatien akasema.

"Mimi nimesema."

Nikaweka bakuli mezani. Nilipofika mlangoni Tonton akaniita. "Nusura. Mwambie mama asante."

Hakuniita mwalimu wa vibao.

Mama kaniuliza mbona nimechukua muda mrefu. Nikasema walikuwa wanaongea. Akalala saa tatu na nusu, anaamka alfajiri, na mi nimekaa jikoni na daftari hili, lile lile la Jumapili, kurasa za nyuma. Nimeanza mara tatu kwenda kumwamsha. Mama ataniuliza kwa nini hukusema, na hilo ndilo swali moja ambalo majibu yangu yote ni mazuri na hakuna hata moja linalofaa. Nilikuwa na sababu ya mwezi wa tisa. Nilikuwa na sababu ya leo saa moja asubuhi, nachelewa shule. Ya ofisini kwa karani pia ninayo. Ya pale kwenye zulia lao sina.

Kesho Madame Mathilde atafungua mlango wake na kibao kitakuwa pale, sawasawa, milimita kwa milimita. Kifaransa hakijakosea. Kiholanzi hakijakosea. Na ghorofa ya tatu kalala mtu anayejua kusoma, ambaye leo kaambiwa hajui kusoma, na kakubali, kwa sababu yule pekee aliyempa shikamoo alisema sijui.

Saa tano na dakika arobaini nimemwandikia Jémima. Nimeandika kwa Kiswahili. Kifaransa changu kingenisaidia kupendezesha, ndiyo maana sikukitumia.

"Jémima, tonton alisoma vizuri. Hakukosea hata neno moja. Mimi niliandika saa 3 asubuhi, Madame akabadilisha akaweka 9, alidhani nimekosea. Mimi niliona siku ile ile ya makofi na nikanyamaza. Leo asubuhi tonton aliniambia anaenda saa tisa, nikanyamaza tena. Nilimkuta kwenye mvua nikamwacha. Na mbele ya papa yako nilisema uongo. Naomba umwamshe umwambie kwamba alisoma vizuri. Mengine mnaweza kunifanya mnavyotaka. Lakini hilo mwambie leo."

Alama zimegeuka bluu saa hiyo hiyo. Jémima hulala na simu mkononi.

Anaandika, simu ikasema. Halafu ikaacha kusema. Halafu tena, anaandika. Ikaacha.

Nimesikiliza chini. Kwao ukifungua mlango wa chumba cha Tonton unalia, tunausikia mpaka huku juu, mama huwa anaulalamikia. Haujalia. Kuna maji yamefunguliwa kidogo, yamefungwa.

Sasa ni saa saba kasoro dakika kumi. Nimeongeza "Jémima?" Na hiyo pia imegeuka bluu.